Bloku kubwa, tairi nne: kosa langu na historia ya pikapu za Kimarekani

Kwanza naomba radhi.

Wiki tatu zilizopita niliweka hapa picha ya pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1972. Rangi ya buluu na nyeupe, 4x4, boneti wazi, na ndani yake injini imejaa mpaka huoni pa kupitisha mkono. Chini ya picha nikaandika, tena kwa kujiamini: "Hivi ndivyo ilivyotoka kiwandani, injini ya 454, lita 7.4." Maneno hayo sikuyatunga mimi. Niliyakuta kwenye tangazo la muuzaji mmoja huko Texas, nikayatafsiri, nikayabandika. Mwandishi wa habari mzima! Ningepeleka habari ya namna hiyo kwa mhariri wangu bila kumuuliza mtu wa pili, angenirudishia huku akinifokea.

Aliyenikamata ni fundi mmoja mzee, Mzanzibari, mwenye gereji ndogo pale Gerezani, Dar es Salaam. Miaka ya themanini alikuwa Maskati, kazi yake kufungua na kufunga GMC na Chevrolet, maana watu wa Ghuba na magari ya Kimarekani ni damu moja. Nikampa simu aione picha, nikitegemea ataisifia. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, injini hii imetiwa," akasema.

"Imetiwa vipi, mzee? Wenyewe wameandika ya kiwandani."

"Wameandika wao. 4x4 ya mwaka huo haikutoka na bloku kubwa. Na hiyo 454 kwenye pikapu imeingia mwaka uliofuata. Gari nzuri, sikatai. Lakini kuna mtu kaifanya kazi hii kwa mikono yake, na wewe umemnyima haki yake."

Kukosea mwaka kunauma kidogo. Kumnyima mtu haki yake kunauma zaidi, hasa ukiambiwa na mtu ambaye maisha yake yote amefanya kazi ambayo hakuna anayeandika jina lake. Basi nikarudi nyumbani nikaanza kusoma upya. Mzee yuko sahihi. Na nilichokikuta ni hadithi kubwa kuliko kosa langu, ndiyo maana leo nakuomba msomaji wangu ukae kitako.

Bloku kubwa ni nini hasa?

Tuanze na neno lenyewe, maana kijiweni wengi wanadhani bloku kubwa ni injini yenye lita nyingi tu. Siyo. Bloku ni lile pande la chuma cha kumimina ambalo silinda zimetobolewa ndani yake. Kiwanda kikiwa na familia mbili za V8, moja ya umbo dogo na nyingine ya umbo kubwa, watu huziita bloku ndogo na bloku kubwa. Kinachozitenganisha ni umbo la chuma, siyo ujazo.

Chevrolet ndio mfano ulio wazi. Bloku yao ndogo ilitoka mwaka 1955, mhandisi mkuu akiwa Ed Cole (likumbuke jina hili, litarudi). Ndani yake, kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya silinda inayofuata ni inchi 4.40. Mwaka 1965 wakatoa bloku kubwa ya 396, na nafasi hiyo ikawa inchi 4.84. Tofauti haifiki hata nusu inchi, lakini ndiyo iliyowapa nafasi ya kutoboa silinda pana zaidi, na mwaka 1970 wakafika kwenye 454. Gharama yake ni uzito: bloku kubwa ya chuma inaizidi ndogo kwa kama kilo 50 hivi, na zote zinakaa mbele.

Namba hizo ni inchi za ujazo, kipimo cha Wamarekani. Kwa kipimo chetu 454 ni lita 7.4. Ukitaka kupata picha, gawanya kwa nane: silinda moja tu ya injini hiyo ina karibu ujazo wa injini nzima ya Vitz ya lita moja unayopanda kila siku. Moja tu! Na ziko nane.

Sasa angalia kiinimacho hiki. Mwaka 1970 Chevrolet walitoa bloku ndogo ya 400, lita 6.6. Yaani bloku ndogo ikawa na ujazo mkubwa kuliko bloku kubwa ya 396, ambayo ni lita 6.5. Wakati huohuo ile 396 walishaipanua ikawa 402, lakini wakaendelea kuiuza kwa jina la 396, na baadaye kwenye pikapu wakaibandika alama ya "400". Kwa hiyo ukikuta pikapu ya miaka ya sabini ina alama ya 400, inaweza kuwa bloku kubwa au ndogo, inategemea ni ya mwaka gani. Ndiyo maana watu wanaapa kwa Mungu kijiweni na wote wawili wanaondoka wakidhani wameshinda.

Tairi nne zilianza na injini ya kawaida

Pikapu ya 4x4 ya raia wa Marekani ilitoka vitani. Dodge walitengeneza malori madogo ya jeshi katika Vita Kuu ya Pili, na vita vilipoisha wakaligeuza moja kuwa gari la kuuza kwa watu wa kawaida. Ndiyo Power Wagon ya mwaka 1946. Lilikuwa gari la tani moja, lenye sura ya kijeshi na injini ya silinda sita ya inchi za ujazo 230, nguvu za farasi 94. Gari dogo la familia leo linaizidi. Lakini wakulima, watu wa misitu na wajenzi wa laini za umeme walilipenda, na Marekani liliuzwa hadi 1968.

Viwanda vingine havikuwa na haraka. Ukitaka Ford ya 4x4 miaka hiyo, pikapu yako ilipelekwa kwa kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis, wao ndio waliofunga difu ya mbele. Ukitaka Chevrolet au GMC, kulikuwa na NAPCO ya Minneapolis, waliouza seti nzima ya vifaa vya kugeuza gari. General Motors walikuja kukubali kufunga vifaa vya NAPCO kwenye laini zao wenyewe, GMC mwaka 1956 na Chevrolet mwaka 1957. Ford walianza kutengeneza 4x4 yao wenyewe mwaka 1959.

Umeona hapo? Hata hiyo 4x4 yenyewe haikuanza kama wazo la viwanda vikubwa. Ilianza kwa watu wa nje waliolichukua gari la kiwanda wakaliongezea walichokitaka. Nilipofika hapa kwenye kusoma kwangu nikaanza kumwelewa mzee wa Gerezani.

Kwa nini injini ndogo ziliwatosha wakulima wale? Jibu liko kwenye gia. Chukua giaboksi ya gia nne iliyokuwa kwenye Chevrolet za mwanzo wa miaka ya sabini. Gia ya kwanza inazidisha nguvu ya injini mara 6.55. Nyuma yake kuna transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, na ukiiweka kwenye gia ya chini inazidisha mara 1.96. Kisha difu, tuseme ya 4.10. Zidisha zote tatu: nguvu inayofika kwenye tairi ni zaidi ya mara 52 ya ile iliyotoka kwenye injini. Gari linatambaa kama kinyonga, lakini linang'oa kisiki. Land Rover za wazee wetu, zenye injini ya petroli ya lita 2.25, zilipanda milima ya Usambara kwa hesabu hiyohiyo.

Kwa hiyo shambani bloku kubwa haikuwa na kazi kubwa. Kazi yake ilikuwa barabarani.

Barabara nzuri zaleta injini kubwa

Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu, maili 41,000, kilomita 66,000 hivi. Pikapu ikaacha kuwa chombo cha shamba peke yake. Familia zikaanza kupakia vibanda vya kulala juu ya pikapu, au kuvuta trela la nyumba, na kwenda kutembea majimbo ya mbali. Ford waliuza pikapu kwa jina la Camper Special kwa ajili ya watu hao. Ukiwa na nyumba mgongoni, huku ukitaka kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye mlima wa Colorado, gia ya kutambaa haikusaidii. Hapo unataka injini yenye kifua.

Ndipo bloku kubwa zikahamia kwenye pikapu. Dodge walitangulia kwa mbwembwe mwaka 1964: D100 yao, ya kuvuta kwa tairi mbili, iliweza kuagizwa na injini ya 426, nguvu za farasi 365. Chevrolet wakafuata na 396 mwaka 1968. Mwaka 1973 wakaleta 454, na mwaka huohuo Ford wakaweka kwenye pikapu injini ya 460, lita 7.5, ambayo ilizaliwa mwaka 1968 kwa ajili ya magari ya kifahari ya Lincoln.

Sasa soma vizuri brosha za miaka hiyo. Chevrolet za 1967 hadi 1972, bloku kubwa: tairi mbili tu. Ford ya 460 ya miaka ya sabini: tairi mbili tu. Chevrolet ya 4x4 ya nusu tani kuanzia 1975, injini kubwa kuliko zote ni 400, na hiyo ni ile bloku ndogo. Ukitaka 4x4, huipati injini kubwa kabisa. Ukitaka injini kubwa kabisa, huipati 4x4.

Tusiwaonee wote lakini. Ford waliweka kwenye 4x4 zao injini ya 360 kutoka familia ya FE, ambayo Wamarekani wengi wanaihesabu kuwa bloku kubwa, ingawa nguvu zake za farasi 215 hazikumtisha mtu. Na Dodge ndio waliothubutu kweli: katika miaka ya sabini uliweza kununua Power Wagon ya 4x4, au Ramcharger, ikiwa na 440 ya lita 7.2 kutoka kiwandani, hadi 1978. Kwa hiyo mtu akikuambia Dodge yake ya mwaka 1977 ilizaliwa na 440, usimcheke. Akikuambia hivyo kuhusu Chevrolet ya 1972, mpeleke Gerezani.

Ugumu wenyewe unaonekana ukilala chini ya gari. Pikapu ya 4x4 ya zamani ina difu nzima ya chuma chini ya injini, nayo inapanda na kushuka kila gari likigonga shimo. Pembeni inapita propela ya mbele. Hapohapo inatakiwa ipite ekzosi, ikae stata, na lishuke sampo la oili. Injini ikinenepa, kila kimoja kinatafuta pa kujibanza. Halafu rudi kwenye hesabu yetu ya mara 52. Zidisha injini ya lita 7 mara 52, kisha itue kwenye propela na ekseli zilizotengenezwa kwa injini ya kawaida. Kuna kitu kitakatika, na kiwanda kilichotoa waranti ndicho kitakacholipa.

Mafuta yapanda bei

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani mafuta kwa sababu ya kuiunga mkono Israel vitani. Bei ya pipa ilikuwa kama dola 3, na mwanzoni mwa 1974 ikakaribia dola 12. Sisi huku hatukuwa mahasimu wa mtu lakini tulilipa bei hiyohiyo. Waulize wazazi wako Tanzania kuhusu miaka ambayo gari binafsi halikuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Marekani kulikuwa na foleni kwenye vituo vya petroli, na Januari 1974 Rais Nixon alitia saini sheria ya kushusha mwendo wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88.

Fikiria una gari la bloku kubwa wakati huo, linalokwenda kama kilomita nne kwa lita ukiwa na bahati. Ungelifanyaje? Wamarekani wengi waliyakimbia. Magari makubwa ya familia yenye 454 na 460 yakaporomoka bei, yakarundikana kwenye yadi za mitumba na za chuma chakavu.

Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo historia inapopinda. Msukosuko uliotakiwa kuziua injini kubwa ndio uliozifanya ziwe rahisi kupatikana. Mkulima wa Nebraska au kijana wa Oregon mwenye pikapu ya 4x4 na injini iliyochoka, sasa alikuta yadini injini ya lita 7 yenye afya ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kilichobaki ni swali moja tu: itaingia?

Mafundi wa uani

Itaingia, tena kirahisi kuliko viwanda walivyotaka ujue.

Siri ni matundu ya boliti. Chevrolet walitumia mpangilio uleule wa boliti, pale injini inapoungana na giaboksi, kwa bloku ndogo na bloku kubwa. Giaboksi iliyokuwa nyuma ya bloku ndogo inaikubali 454 bila kubishana. Ford nao, injini za 351M na 400 zilizokuwa kwenye pikapu za 4x4 za 1977 hadi 1979 zina mpangilio mmoja na ile 460 waliyowanyima wateja. Mhandisi alifanya hivyo ili kiwanda kiokoe fedha. Fundi wa uani akaona mlango umeachwa wazi.

Kulikuwa pia na F-250 ya 4x4 ya 1967 hadi katikati ya 1977, inayoitwa Highboy kwa sababu imesimama juu kama ngamia. Transfa yake haikuungana na giaboksi. Ilikaa peke yake, ikiunganishwa kwa propela fupi. Maana yake uliweza kubadilisha injini na giaboksi vyote, na mfumo wa tairi nne usiguswe. Gari kama limeomba.

Kilichobaki kilikuwa jasho. Kuchomelea pa kuikalisha injini, kutafuta rejeta pana zaidi, kukunja ekzosi iikwepe propela, kubadilisha springi za mbele kwa sababu ya zile kilo 50. Kisha unagundua tairi ndogo hazifai, unaweka kubwa. Tairi kubwa zinavunja ekseli, unatafuta ekseli nene. Ekseli nene zinaomba nguvu zaidi. Mnyororo hauna mwisho.

Ukitaka kuona mnyororo huo unaishia wapi, mtazame Bob Chandler wa St. Louis, Missouri. Alinunua F-250 ya 4x4 ya mwaka 1974, akawa anavunja vitu kila mara kwa sababu ya mguu wake mzito kwenye mafuta. Kila kilichovunjika alikirudishia kikubwa zaidi, mpaka akafika kwenye ekseli za malori ya jeshi. Kwa ajili ya mguu huo gari likaitwa Bigfoot. Mwaka 1981 akalipitisha juu ya magari mawili mabovu shambani, yakabondeka kama makopo, na kutoka hapo ukazaliwa mchezo mzima wa magari-jitu yanayojaza viwanja vya michezo hadi leo. Chandler tunamjua kwa sababu alipigwa picha. Waliofanya kazi ya namna hiyo bila picha ni wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Wala huhitaji kwenda Missouri kuwaelewa. Nenda gereji yoyote kongwe Dar, Arusha au Nairobi uulize ni Land Rover ngapi zimetolewa injini yake zikatiwa ya dizeli ya Isuzu au Toyota. Wenzetu walitafuta nguvu, sisi tulitafuta spea na unafuu wa mafuta. Lakini kazi ya kupima, kukata, kuchomelea na kujaribu tena ni ileile.

Sheria na zile paundi 6,000

Wakati mafundi wakihangaika uani, serikali na viwanda nao walikuwa na mchezo wao. Sheria ya hewa safi ya 1970 iliwabana watengenezaji wapunguze sumu kwenye moshi. Na hapa anarudi Ed Cole. Yule aliyesimamia bloku ndogo ya 1955 sasa alikuwa rais wa General Motors, na ni yeye aliyesukuma injini za GM za mwaka 1971 zishushwe mgandamizo ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo, akiandaa njia ya kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Nguvu zikapungua. Juu ya hapo, mwaka 1972 viwanda vikaacha kutangaza nguvu za injini iliyopimwa tupu mezani, vikaanza kupima ikiwa na feni, ekzosi na vikorokoro vyake vyote. Kwa hiyo ukilinganisha namba za 1970 na za 1973 utadhani injini zimeugua ghafla. Nusu ya ugonjwa huo ilikuwa ni kipimo kuacha kudanganya.

Mwaka 1975 kifaa cha kusafisha moshi kikaja, pamoja na petroli isiyo na risasi. Lakini pikapu ambayo uzito wake ikipakiwa unazidi paundi 6,000, kama kilo 2,700, haikubanwa na sharti hilo. Unadhani viwanda vilifanya nini? Ford walichukua pikapu ya nusu tani, wakaiimarisha kidogo, wakaisajili juu ya paundi 6,000, wakaiita F-150. Ndiyo hiyo F-150 unayoiona kwenye kila sinema. Ilizaliwa mwaka huo ili kuukwepa mstari wa sheria. Tangu 1977 pikapu za Ford za mfululizo wa F zimekuwa zikiongoza kwa mauzo ya pikapu Marekani. Sheria ya kusafisha hewa ikawa sababu ya gari kuongezwa uzito! Mwaka 1979 serikali ikausogeza mstari hadi paundi 8,500, lakini watu walishazoea gari zito.

Nikisoma hivi najiuliza kuhusu sheria zetu huku, ni ngapi zimezaa kile zilichotaka kukizuia. Hiyo ni makala ya siku nyingine.

Mwisho ambao haukuwa mwisho

Cha kuchekesha ni kwamba viwanda vilikuja kuwapa watu walichokuwa wakijitengenezea, ila kwa kuchelewa. Ford walianza kuuza 460 kwenye F-250 na F-350 za 4x4 mwaka 1983. Miaka kumi kamili baada ya kuiweka kwenye ya tairi mbili! Wakati huo adui mpya alishabisha hodi: dizeli. Mwaka 1989 Dodge walileta pikapu yenye Cummins ya silinda sita, lita 5.9. Nguvu zake za farasi zilikuwa 160 tu, lakini kwa kuvuta mzigo ilikuwa tembo, na mafuta ilikunywa kwa adabu. Waliokuwa na mizigo ya kweli wakahamia huko. Ford waliiaga 460 mwaka 1997.

Lakini mwaka 2020 Ford haohao wakatoa V8 mpya ya petroli ya lita 7.3, chuma cha kumimina, valvu zinazosukumwa kwa vijiti kama za zamani, nguvu za farasi 430, na unaipata na 4x4 kutoka kiwandani bila kuchomelea chochote. Ukitaka, hata nyekundu.

Sasa turudi kwenye ile picha. Kwa nini muuzaji wa Texas aliandika "ya kiwandani"? Kwa sababu kwenye soko la magari ya zamani maneno hayo yanapandisha bei. Gari lililotoka hivyo kiwandani lina heshima, lililofanywa na fundi asiye na jina linaambiwa limechezewa. Lakini historia niliyoisoma inasema kinyume. Kilichotoka kiwandani kilikuwa gari lililogawanywa mara mbili, nguvu upande huu na tairi nne upande ule. Aliyeviunganisha alikuwa mtu mwenye vumbi magotini, aliyenunua injini ya gari bovu, akaipima kwa kamba na jicho. Tunaliita gari la kale la kuvutia, halafu tunamfuta aliyelivutisha.

Na mimi nilishiriki kumfuta, kwa mistari miwili chini ya picha.

Nilirudi Gerezani juzi kumwambia mzee kwamba nimesoma na kwamba alikuwa sahihi. Alikuwa chini ya Land Cruiser, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamwamkia, nikamweleza yote, boliti, paundi 6,000, mpaka Bob Chandler. Akanisikiliza bila kutoka.

"Vizuri, mwanangu," akasema kutoka kule chini. "Basi rekebisha. Na hebu nipe hiyo spana namba kumi na saba."

Nikampa. Na haya hapa masahihisho: pikapu ya Chevrolet 4x4 ya mwaka 1972 niliyoiweka hapa haikutoka kiwandani na injini ya 454. Ilitiwa baadaye na fundi ambaye jina lake sijalipata. Kazi yake ni safi.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.